Jina Nililoliweka Kwenye Orodha ya Majenerali

Jumapili, Kitengela. Mawingu yametanda tangu alfajiri lakini mvua haijanyesha. Ni upepo tu, na vumbi jeupe la malori ya mawe limelala juu ya majani ya mpapai. Moyo wangu hauko mahali pake.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya anapoongeza taifa lake kwenye mchezo wa kompyuta wa historia ni kuanza na bendera. Anachora ngao, anachora mikuki miwili, anachagua rangi nyekundu inayompendeza, kisha anakaa siku tatu kuitazama. Bendera ni picha ndogo kuliko ukucha. Haiongozi jeshi, haizai, haifi. Kinachofanya taifa liishi ndani ya mchezo ni orodha za maneno ambazo hakuna anayeziona: majina ya sehemu, majina ya viongozi, majina ya majenerali. Huko ndiko watu huchoka, na mtu akichoka huandika chochote kinachomjia.

Mimi sikuanza na bendera, na nilijivunia hilo. Kosa langu liko kwenye orodha, wala sikulifanya kwa uchovu.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kuigusa michezo hii. Unapewa ramani ya dunia nzima kama ilivyokuwa karne kadhaa zilizopita. Unachagua taifa moja, na saa inaanza kwenda: mwezi, mwaka, kizazi. Unapanga jeshi, unafanya urafiki na jirani, unamzika kiongozi, unamweka mwingine. Nilianza kucheza nilipostaafu. Nilikuwa nimefundisha historia katika shule moja ya upili mjini Kajiado kwa miaka ishirini na miwili, na nilidhani nitazeeka nikisoma magazeti. Sasa mke wangu husema nimeoa mke wa pili, mwenye uso wa kioo. "Mwalimu," huniita kutoka jikoni, "mwambie mwenzangu akuruhusu uje ule."

Kilichonikera tangu mwanzo ni rangi. Katika mchezo ule kila taifa lina rangi yake, lakini ukishuka huku kwetu, kuanzia Ngong mpaka Kilimanjaro, ramani yote ni kijivu. Kijivu maana yake ni ardhi isiyo na mwenyewe. Jeshi lolote linaweza kuingia, kupiga kambi na kuiita yake. Mimi nimefundisha watoto wa hiyo nchi ya kijivu. Nilijua visima walikonyweshea ng'ombe wao na koo za mama zao. Nikaamua kuwaongeza Wamaasai kwenye ramani, niwape rangi yao.

Mimi mwenyewe si Mmaasai. Ni Mkikuyu wa Nyeri niliyeletwa huku na kazi, nikapata kiploti Kitengela, nikabaki. Kwa hiyo nilihitaji mtu wa kunisahihisha, na mtu huyo alikuwa Mama Naserian.

Mama Naserian ni mjane wa umri wangu. Boma lake liko nje kidogo ya mji wa Kajiado, upande wa barabara ya Namanga. Nilimfahamu kwanza kama mzazi. Watoto wake wawili walipita mikononi mwangu darasani: kwanza mvulana, kisha Naserian, ambaye siku hizi ni mwanamke mzima anayeuza dawa za mifugo hapa Kitengela na ambaye hucheza michezo hii vizuri kuliko mimi.

Mwaka jana nilienda kwake mara nyingi na daftari langu. Siku ya kwanza aliniuliza huo mchezo ni wa namna gani. "Ni kama enkeshui?"

Enkeshui ni bao la Kimaasai. Kete zake huitwa ng'ombe.

"Karibu," nikamwambia. "Ila yale mashimo ni nchi."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe ni watu."

Akacheka. "Hapo ndio mmeharibu."

Nilipomuuliza nimweke nani kuwa mfalme, alinitazama kama mwanafunzi aliyekuja shuleni bila viatu. "Hatukuwa na mfalme, Mwalimu. Umewahi kuona wazee wetu wakikubaliana kitu siku moja?" Kwa hiyo taifa langu halina mfalme. Lina marika. Kila baada ya miaka kadhaa rika moja hukaa, jingine husimama, na mchezaji asipojiandaa kwa sherehe ya kupokezana hupata fujo. Ilinichukua wiki sita kuifanya ile programu ikubali jambo hilo, na bado naamini ndiyo sehemu bora ya kazi yangu.

Kisha mchezo ukadai majina ya meli. Kila taifa lazima liwe na majina ya meli, hata kama halijawahi kuona maji mengi kuliko ya mto. Bila hayo unaanza kukulalamikia. Nikampelekea Mama Naserian tatizo hilo.

"Meli ya kwenda wapi?" akasema. "Ziwa Magadi?"

"Ni lazima tu, Mama. Kompyuta inataka."

"Basi andika majina ya punda. Si punda ndio hubeba?"

Ndiyo maana, kama umecheza na taifa langu na ukashangaa kwa nini jeshi lake la maji lina majina ya ajabu, hao ni punda watano wa boma moja la Kajiado.

Nacheka ninapoandika haya, kisha nasita. Naona natafuta njia ndefu ya kufika ninakotakiwa kufika.

Majenerali. Usipoandika orodha yao, mchezo huokota majina popote. Nilipojaribu mara ya kwanza, jeshi la Wamaasai liliongozwa na mtu aitwaye Fernando. Nikajua nahitaji majina thelathini, ya Kimaasai kweli, na ya wanaume. Nilimwomba Mama Naserian anisaidie. Alifikiri, kisha akanipa kanuni ambayo niliiandika neno kwa neno juu ya ukurasa, na bado ipo, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni:

"Andika wale wa zamani sana, wale hakuna mtu amebaki wa kuwalilia. Ama andika sisi tuko hai, tucheke. Wale wa katikati, wacha."

Sikumuuliza sababu. Niliijua.

Kwa Wamaasai wanaoshika desturi, mtu akifa jina lake hupumzishwa pamoja naye. Halitajwi mbele ya watu wake. Mwenye jina kama hilo katika familia anaweza hata kuitwa vingine. Siku hizi mambo yamechanganyika: kanisani jina husomwa, kwenye tangazo la mazishi huandikwa, na wako wengi ambao hawajali tena. Lakini kwa Mama Naserian desturi bado inashikwa, na kwa sababu yenye uzito. Yeye hakuitwa Mama Naserian tangu mwanzo. Aliitwa kwa jina la kifungua mimba wake, yule mvulana. Kijana huyo alipokuwa na miaka ishirini na mitatu alikuwa akivusha ng'ombe kwenye korongo lililojaa ghafla wakati wa mvua ya masika. Ng'ombe walivuka. Baada ya mazishi, jirani mmoja alimsalimia mama huyo kwa jina la binti, wa pili akafuata, na katika muda wa wiki moja Kajiado nzima iliyomjua ilikuwa imebadilisha jina lake bila mtu kuitisha mkutano. Hata mimi nilibadilisha.

Jina la kijana huyo hutalisoma hapa.

Na kuna jambo jingine, ambalo sijawahi kumwambia mtu. Aliyenifundisha desturi hii alikuwa yeye mwenyewe. Akiwa kidato cha pili, shule ilifunguliwa na mwenzao mmoja alikuwa amefariki wakati wa likizo. Mimi sikuwa na habari. Nilisoma orodha ya darasa na nikaita jina la yule marehemu, nikaliita mara ya pili kwa sauti zaidi kama walimu tunavyofanya. Darasa zima liliinamisha vichwa. Saa ya mapumziko kijana huyu alikuja kwenye meza yangu, akasimama wima, akasema kwa adabu, "Mwalimu, hilo jina usilisome tena. Ruka tu."

Ruka tu. Miaka yote iliyofuata niliwafundisha walimu wageni hivyo hivyo.

Basi, nilikuwa na majina ishirini na tisa. Ya wazee wa kale, la kaka yake Mama Naserian, na la jirani yao mmoja ambaye alinipigia simu mara mbili kuhakikisha kwamba yeye ndiye jenerali mwenye nguvu kuliko wote. Nafasi moja ilikuwa tupu. Ilikuwa mchana, nimekunywa chai, nimepumzika, akili yangu timamu. Nikaandika jina la yule kijana.

Kidole hakikuteleza.

Nilijiambia ni heshima. Kwetu jina halizikwi; linazunguka. Mwanangu wa kwanza wa kiume ana jina la baba yangu, na siku anapokuja na makelele yake mlangoni, mke wangu humwita "baba mkwe" na sote tunacheka, na mzee anakuwa hayuko mbali sana. Mkikuyu anapompenda mtu aliyekufa hutafuta mahali pa kuliweka jina lake ili liendelee kutembea. Nilimpenda mwanafunzi yule. Alikuwa na kipaji cha historia ambacho sikukiona tena; aliuliza, "Na wale walioshindwa, wao walisema nini?" wakati wengine wanauliza kama swali litakuja kwenye mtihani. Nilitaka awe hai mahali fulani, aongoze watu, avuke.

Hayo ni maelezo, na ni ya kweli. Lakini yananisaidia mimi peke yangu. Nilimfanyia mtoto wa mtu desturi ya kwetu, nyumbani kwao, nikiijua desturi ya kwao.

Nikiri lililo baya zaidi. Mchezo huchagua majenerali kwa bahati, kwa hiyo nilicheza siku nyingi kabla hajatokea. Alipotokea nilisimama kutoka kwenye kiti. Nikampa jeshi bora, nikamtembeza kutoka Ngong hadi chini ya Kilimanjaro. Na kila alipokaribia kufa vitani, nilirudisha mchezo nyuma na kuanza upya. Tazama jinsi nilivyojua. Sikuweza kuvumilia kuliona dirisha lile dogo linalofunguka na kusema fulani amekufa. Kisha nikaipakia kazi yangu kwenye mtandao, iwe nyongeza ya mchezo ambayo yeyote anaweza kuichukua, ambako watu wa nchi nisizozijua wangelifunga dirisha hilo asubuhi na jioni bila kujali.

Waliichukua, tena kwa furaha. Waliandika maoni. Mmoja alisema marika ni jambo jipya kabisa katika michezo hii. Mwingine alisema jenerali wake bora alikuwa nani, akalitaja jina la yule kijana, akasema amemwokoa katika vita vitatu. Nilisoma maoni hayo mara nyingi kuliko yote. Nilifurahi.

Ijumaa iliyopita Naserian alikuwa nyumbani kwa mama yake mchana, na kompyuta yake juu ya meza. Alikuwa akimwonyesha mama taifa lenyewe, kwa fahari: hii hapa ni Kajiado, hawa ni wale punda wako. Pale ndani alikuwepo pia mke wa binamu yake kutoka Kiserian, ambaye ameolewa katika familia hiyo hivi majuzi. Dirisha likafunguka katikati ya kioo. Yule bibi mgeni, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumtajia jina hilo maana halitajwi, alilisoma kwa sauti kama mtu anayesoma habari. Jina la kijana, jina la baba yake, amekufa vitani.

Naserian alinipigia simu jana asubuhi. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Si mchezo umeokota tu mahali?"

"Hapana. Niliandika."

"Mama aliweka chupa ya chai chini, akaenda kwa ndama. Akakaa huko mpaka jioni. Na huyu wa Kiserian analia, anafikiri ameleta kitu mbaya kwa boma. Mwalimu, mimi nikikuona nakuheshimu kama mzazi. Lakini hii siwezi kukutetea."

"Usinitetee."

"Sijui hata nikuambie nini," akasema, na simu ikakatika, au aliikata.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Alikuwa amesikia vya kutosha. "Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Basi ukienda huko usiseme ulisahau."

Nilifuta jina kwenye orodha mara hiyo, nikapakia nakala mpya. Na hapa msomaji anayefahamu kazi hii atajua kwamba sikuwa nimefanya lolote kubwa. Nakala mpya huwafaa wanaoanza upya. Aliyekwisha kuchukua ile ya kwanza anayo kwenye kompyuta yake, na mchezo aliouhifadhi una yule jenerali ndani yake, hai au amekufa. Ili aondoke kabisa ni lazima mwenye mchezo aufute, pamoja na himaya aliyoijenga kwa wiki nyingi. Kwenye ukurasa wa nyongeza yangu nikaandika kwamba watu wachukue nakala mpya. Mchezaji mmoja akauliza kimebadilika nini. Nikamjibu: marekebisho madogo ya kawaida.

Marekebisho madogo ya kawaida. Niliandika hivyo mimi, mtu niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo.

Leo baada ya ibada nilienda Kajiado peke yangu. Nilibeba sukari na majani ya chai, kwa sababu mikono mitupu ingenishinda. Njia nzima kupita Isinya nilikuwa napanga maneno: nitaanza na desturi ya kwetu, kisha nieleze jinsi mchezo unavyochagua majina, kisha niombe msamaha. Nilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho.

Mama Naserian alikuwa nje, ameketi kivulini mwa ukuta, anachagua maharagwe kwenye ungo. Naserian alikuwa zizini. Aliniona, akainua mkono, hakuja.

"Takwenya," nikamsalimia.

"Iko." Aliitikia kama kawaida, wala hakuacha kuchagua. "Keti, Mwalimu. Kiti kiko hapo."

Nikaketi. "Mama Naserian, kwetu mtu akifa, jina lake..."

"Chai iko kwa chupa. Jimiminie."

Nikajimiminia. Nikanywa kidogo, nikaweka kikombe chini. "Nilitaka nikueleze jinsi—"

"Najua ulitaka nini." Sasa alinitazama. "Ndio maana umekuta kiti. Kama ningefikiri ulikuwa unacheza na sisi, hungekuta kiti. Lakini hiyo kueleza, wacha. Miaka yote umeeleza, tumesikia. Leo mimi nitauliza."

"Uliza."

Akatupa punje moja mbovu, kuku akaikimbilia. "Kwa hiyo mchezo, huyo mtu hufa mara ngapi?"

Nilianza kusema kwamba inategemea. Inategemea mchezaji, vita, bahati. Niliona uso wake nikaacha.

"Mara nyingi," nikasema. "Kila anayecheza ana wake."

"Mimi wangu ilikuwa mara moja," akasema.

Sina namna ya kuandika jinsi alivyolisema. Hakulia. Alirudi kwenye maharagwe. Nilimsikia Naserian kule zizini akimfokea mbuzi, na magari yakipita mbali kwenye barabara kuu.

Kisha akauliza, "Unaweza kumtoa? Kwa wote?"

Hili ndilo swali nililoliogopa. Ningeweza kumdanganya; hana kompyuta, angeamini, angelala vizuri. "Kwangu nimemtoa jana," nikasema. "Kwa wale waliochukua mwanzo, siwezi. Mpaka kila mmoja akubali mwenyewe kufuta."

"Hao ni watu wa wapi?"

"Kila mahali. Siwajui."

"Unaweza kuwaambia kitu wasikie?"

"Naweza kuandika. Jana niliandika, lakini sikusema ukweli. Nilisema ni marekebisho."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mwalimu mzima." Akapepeta ungo mara mbili, makapi yakaruka. "Waandikie vizuri. Hiyo mambo yote ya desturi wacha, hawatashika, watakuuliza maswali mpaka mwaka uishe. Waambie tu huyo mtu yuko na mama, na mama bado yuko. Kila mtu amezaliwa. Hiyo wataelewa."

"Na wasipoelewa?"

"Basi watakuwa wamekataa mama, si mimi nimeshindwa kusema." Akatikisa ungo. "Hiyo nchi yako usiitoe. Naserian ameipenda. Na jirani atakuua akikosa jeshi lake."

Nilimuuliza kama naweza kumwona yule bibi wa Kiserian nimwambie kwamba kosa halikuwa lake. Alisema tayari amemwambia mwenyewe, na kwamba kutoka kwangu ingekuwa hotuba. Nilipoinuka hakusema nirudi, wala hakusema nisirudi. Aliichukua sukari. Naserian alinisindikiza hadi kwenye gari, akafunga mlango wangu kwa nje, akagonga bati mara moja kwa kiganja, kama mtu anavyomwambia dereva aende.

Sijui hilo lilikuwa la heri au la. Si juu yangu kujua leo.

Nimerudi, nimekaa, nimeandika kwenye ukurasa wa nyongeza kwa Kiingereza, mistari minne, na mara nne nimelazimika kuufuta mstari wa tano uliokuwa ukianza kueleza. Yule aliyeuliza kimebadilika nini nimemjibu upya na kumwambia kwamba jana nilimdanganya. Maoni yote yaliyotaja jina nimewaomba wenyewe wayaondoe. Mmoja amekwisha kuondoa lake, na hakuuliza. Mwingine amejibu kwamba amejenga himaya kwa miezi miwili na hawezi kuifuta kwa ajili ya neno moja. Sikubishana naye. Nilimwandikia tena yale maneno ya Mama Naserian, nikaacha hapo.

Najua kwamba wako Wakenya walioichukua nyongeza hii kutoka hapa hapa, kwenye blogu yangu, kwa sababu ndiko nilikojigamba nayo kwanza. Kwenu naandika kwa Kiswahili, msije mkasema hamkuambiwa.

Kati ya majenerali wa taifa nililotengeneza kuna mmoja ambaye hakuwa wa zamani sana, wala hakuwa hai. Nilimweka mimi, nikijua. Ana mama, na mama yake bado yupo.

Kama uliichukua nyongeza yangu kabla ya jana, fungua kompyuta yako leo, uifute nyongeza hiyo, pamoja na kila mchezo uliouhifadhi nayo.